Mteremko Uliopandwa Miti Kila Mwaka

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Nilifika kituo cha misitu kule Handeni na sanduku langu la bati, nimetoka chuoni majuzi tu, binti wa milima ya Lutindi ambaye hajawahi kuishi bondeni. Nilimwamkia Msimamizi wa Kituo, "Shikamoo, mzee." Aliitikia marahaba huku ameshageuka, akaninyooshea kidole kwenye pori lililokuwa nyuma ya ofisi.

"Nenda ukakae humo mpaka mchana. Ukirudi uniambie umeona nini."

Nilirudi nimechanwa na miiba, nikamtajia majina kama nilivyofundishwa: miyombo, mninga, mkambala, mkole, mpingo. Nilijiona mjuzi kweli. Mzee akaguna.

"Majina tu hayo. Mimi nataka unieleze hivi: wote hao wanagombania maji hayo hayo kidogo ya Handeni. Kwa nini hakuna mmoja aliyewamaliza wenzake akabaki peke yake?"

Nikaanza kuyataja majina upya. Akacheka. "Mshambaa wewe, kwenu mvua inanyesha mpaka mawe yanaota ukoka. Kaa hapa, utajifunza."

Yeye alikuwa Mzigua, na Wazigua na Washambaa ni watani, kwa hiyo sikukasirika. Lakini swali lile lilinikaa kichwani miaka yote ya kazi, na nyinyi vijana mnaoingia kwenye fani hii mnapaswa kulijua kabla ya kushika jembe. Nasema hivyo kwa sababu nimefanya kazi na wakubwa ambao hawakuwahi kuulizwa, na yaliyotokea nitawaeleza.

Jibu nililipata kidogo kidogo. Nyasi zina mizizi ya juu juu, zinakunywa mvua ikianguka tu. Mninga unazamisha mzizi wake chini kabisa na kunywa kile nyasi zilichoshindwa kukifikia. Moto wa kiangazi unaunguza miche, lakini miyombo huchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi iliyobaki ardhini, ndicho tunachokiita kisiki hai. Moto ukikosekana muda mrefu, miti hufunga kivuli na nyasi hufa. Moto ukizidi, nyasi hutawala. Mzee alinionyesha pia chini ya mkongo mkubwa, mahali mbegu zake zilipojaa tele na mche wa mkongo usionekane. Wadudu na kuvu wanaoishi kwenye mti mama ndio hao hao wanaowamaliza watoto. Nafasi ile humwendea jirani wa aina nyingine, na mtoto wa mkongo hukulia mbali, mahali mbegu yake ilipobebwa na ndege au mnyama.

Kwa hiyo hakuna anayewamaliza wenzake. Spishi nyingi huishi mahali pamoja, kila moja na namna yake ya kutafuta riziki, na mkusanyiko huo ndio tunaouita jamii ya mimea. Na jamii hiyo ina utaratibu wa kuingia. Kwenye ardhi iliyochoka hutangulia wavumilivu wa jua, kama mkole na migunga. Ndege hutua juu yao, huacha mbegu, na chini ya kivuli chao huja wale ambao wasingeweza kuota juani. Huwezi kuanza na wa mwisho. Hata msibani watu hawaanzi na hitima.

Msimamizi wa Kituo alistaafu, nami nikahamishiwa Korogwe, kwenye mradi wa kupanda miti. Jina la mradi huo silitaji, maana sitaki kesi uzeeni, nitauita Mradi. Ulikuwa na magari, ulikuwa na kitalu cha miche mizuri kwenye viriba vya plastiki, na ulikuwa na Meneja aliyevaa kofia pana na kupenda kupigwa picha.

Nilikabidhiwa mteremko mmoja upande wa Makuyuni, shamba la mkonge lililotelekezwa zamani. Chini yake kulikuwa na chemchemi, na kijiji kizima kilichota hapo. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Mama Zaina, mama mfupi mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Siku ya kwanza tu alinikalisha.

"Bibi Misitu, mimi miti yenu siijui wala siitaki. Mimi nataka maji. Kila kiangazi chemchemi inakauka, tunakwenda kuchota mtoni Pangani, na huko kuna mamba. Ukiniletea maji, panda hata pilipili."

Nilipanda kuuangalia mteremko, na nilichokiona kilinifurahisha. Katikati ya mikonge iliyozeeka mikole ilikuwa imeanza kuota. Chini ya mikole niliona miche ya mtalawanda, mbegu zilizopeperushwa na upepo, na mkwaju mmoja mmoja ulioachwa na nyani. Jamii ilikuwa inajipanga yenyewe, bila mshahara wala posho. Mahali pa namna hiyo majani makavu hufunika udongo, mvua huzama taratibu badala ya kutiririka, na maji yaliyozama ndiyo hutokea chini wakati wa kiangazi. Ilikuwa ni kuuacha tu, kuzuia moto na kuzuia panga.

Nilimweleza Meneja. Alinisikiliza vizuri sana, akaniuliza swali moja.

"Gari linafika?"

"Linafika, Meneja. Ni karibu na barabara kuu."

"Basi ndipo tutakapofanyia sherehe ya kupanda miti."

Masika yalipoanza waliletwa vibarua, wakafyeka mteremko wote ukabaki mweupe kama uwanja wa mpira. Mikole, mitalawanda, mikwaju, yote wakaiita magugu. Ikaja turubai, vikaja viti vya plastiki, fulana, spika na mgeni rasmi. Ikapandwa mitiki kwa mistari. Mgeni rasmi alimwagilia mche wake kwa kopo, watu wakapiga makofi, magari yakaondoka. Kiangazi mitiki ikakauka, na chemchemi nayo ikakauka.

Mngedhani mwaka uliofuata wangejifunza. Wapi! Mvua za vuli zilirudisha mikole kutoka kwenye visiki, nikapata matumaini, na masika yalipokuja vibarua wakaletwa tena. Mteremko ule ule, kwa sababu gari linafika. Safari hii ilikuwa mijohoro. Mwaka mwingine mikaratusi, miti inayofyonza maji, juu ya chanzo cha maji, Mungu wangu! Nililalamika mkutanoni mpaka wenzangu wakaanza kunikonyeza ninyamaze.

"Bibi Misitu," Meneja aliniambia, "wewe ni mtu wa ajabu. Umeajiriwa kupanda miti, unapinga kupanda miti."

"Meneja, miti ipo. Tunaikata ili tupande miti."

"Ile ni vichaka. Mgeni rasmi hawezi kupigwa picha kwenye vichaka."

Meneja yule akaondoka, akaja mwingine, msomi mpole, nikashukuru. Huyu alielewa kila kitu. Alitumia maneno yote ninayoyatumia mimi, spishi, uoto wa asili, jamii ya mimea, halafu akafyeka. "Natamani iwe vinginevyo, Mama," alisema, "lakini fulana zimeshachapishwa." Nasema haya na presha inapanda. Afadhali yule wa kwanza, maana hakujua.

Mama Zaina hakunisamehe hata kidogo. Kila kiangazi alipita mbele ya ofisi yetu na ndoo tupu kichwani, makusudi, njia isiyo yake. Kisha mwaka mmoja binti wa nduguye alishikwa mguu na mamba akiwa anachota mtoni. Alipona, lakini anachechemea mpaka leo. Nilikwenda kumwona hospitali. Mama Zaina aliniangalia tu, akasema, "Mnaendelea kupanda?" Nilitoka pale nikilia.

Kilichouokoa mteremko si hoja zangu. Ni kalavati. Mvua kubwa ilibomoa kalavati la njia ya kupandia kule, na magari yakashindwa kufika. Sherehe ikahamishiwa kwingine. Nikaambiwa niandike makisio ya ukarabati, na nikayaandika kwa ukamilifu, nikayapeleka, na yakakaa mezani kwa mkubwa kama yanavyokaa makaratasi. Sijawahi kuombea kazi ya serikali wala ya Mradi ichelewe isipokuwa hiyo.

Miaka ikapita bila panga. Mimi na Mama Zaina tulikata mkuza wa moto, ukanda mtupu ambao moto hauvuki, kuzunguka mteremko, basi, hatukufanya lingine. Mikole ikafunga kivuli. Mitalawanda ikatoka juu yake, na mikole iliyozidiwa kivuli ikaanza kupungua yenyewe, kama inavyotakiwa. Mikonge mikuukuu ikaoza. Nikaona mkuyu mdogo karibu na maji, nikaona mche wa mkongo ambao sikujua umetoka kwa mama gani. Na kiangazi kimoja Mama Zaina alinipigia simu, akasema neno moja tu, "Yapo." Nilifunga mlango wa ofisi nikacheza.

Kisha nikastaafu. Mradi ukataka kuniaga kwa heshima, wakaniambia ni jambo la kushtukiza nisiulize. Asubuhi ile gari lilinipakia, tukakata kona ya Makuyuni, nami nikaona kalavati jipya linang'aa. Tulipopanda nikakuta katikati ya msitu wangu wamefyeka uwanja. Turubai. Viti. Spika. Mitalawanda imelala chini na majani yake mabichi. Kwenye kibao wameandika kwa rangi: Bustani ya Bibi Misitu. Mama Zaina alikuwa amesimama pembeni na wanawake wa kijiji, hawaimbi.

Meneja wa wakati huo akanikabidhi mche wa mtiki umefungwa utepe. "Panda, Mama. Eneo hili lote ni lako, ni heshima yako." Mshereheshaji akarudia kwenye spika: ni lake lote!

Nikaushika mche, nikaomba kipaza sauti. "Nashukuru. Meneja, umesema lote ni langu?"

"Lote, Mama!"

"Basi hapandi mtu kitu, hafyeki mtu kitu, bila ruhusa yangu. Umekubali mbele ya wageni?"

Meneja akatabasamu, watu wanamtazama, kamera imemwelekea. "Hata jembe halitaingia bila ruhusa yake!"

Nikamrudishia mche wake. Mama Zaina akapiga kigelegele ambacho nadhani Mombo walikisikia.

Uwanja ule umeshafunga kivuli tena. Lakini kila masika simu inalia. "Shikamoo, Mama. Tunaomba tufyeke kidogo tu, kwa ajili ya wageni." Ninasema hapana. Mwaka unaofuata anakuja mwingine, ananiamkia kwa adabu, anaomba hilo hilo. Sina nguvu za kupanda mteremko tena, nina sukari, nina magoti mabovu, na maji ya kijiji kizima yanategemea hapana ya mwanamke mmoja mgonjwa. Hilo linanikera kuliko maradhi yenyewe.

Kwa hiyo nimewausia wanangu. Nikifa masika, wanizike kimya kimya, na wasiwaambie watu wa Mradi mpaka mvua zikatike. Nawajua. Wakisikia tu nimekufa, watakwenda kufyeka mahali pa kunipandia mti wa kumbukumbu.