Kungoja Boga Liive

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa bustani Nchelenge, nikizunguka kando ya ziwa Mweru kwa baiskeli ya idara. Waliniita kiguu na njia, na hawakukosea. Nikiwa Kashikishi nawaza Mofwe. Nikifika Mofwe natamani mashua ya kwenda Chisenga. Idara ilinipa pakiti za mbegu za kabichi zenye picha nzuri. Kabichi zenyewe ziliishia tumboni mwa viwavi, nami nikachekwa sokoni.

Nilichokitaka mimi ni chipushi, boga dogo la kienyeji lenye ganda gumu, linalokaa ndani ya nyumba hadi miezi ya njaa bila kuoza. Watu walikuwa wameliacha. Alibaki mama mmoja tu mwenye mbegu, mchuuzi kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, aliyeanika dagaa kwenye mchanga wa Kashikishi na kulima kipande nyuma ya kibanda chake.

Kila nilipomwomba alinijibu lile lile: "Ba mwalimu, mbegu hatupanaka mu njia. Ikala kwanza. Tupike boga, tukule, njo utabeba mbegu yake."

Kwao ilikuwa hivyo. Anayetaka mbegu hula boga lenyewe na mwenye shamba. Anayeondoka kabla, huondoka mikono mitupu. Nami kukaa kulinishinda. "Kesho, Mama," nilisema, mguu tayari kwenye pedali.

Kisha nikasikia anarudi kwao moja kwa moja, na mashua yake inaondoka mchana. Siku hiyo hiyo lori la idara lilikuwa linipeleke Mansa, kwenye usaili wa kazi niliyoililia muda mrefu. Dereva alisimama Kashikishi kujinunulia samaki. Nikaruka chini, nikamkimbilia yule mama.

Alikata boga la mwisho, akazitoa mbegu, akazipaka majivu na kuzitandaza juani. Vipande akavitia sufuriani. Kuni zilikuwa mbichi. Goti langu lilicheza lenyewe. Honi ikalia barabarani.

"Banakuita," alisema.

"Najua, Mama."

Nilimkasirikia yeye, dereva na moto wenyewe. Nikanyoosha mkono nifunue sufuria, akanichapa vidole. "Wacha! Ukifunula-funula haitaiva leo."

Honi ililia tena, kisha nikasikia lori likiondoka. Nilitaka kulia. Boga lilipoiva tulikula, na lilikuwa tamu, jambo lililoniudhi zaidi. Akazifunga mbegu kwenye kipande cha kitenge.

"Sasa iko yako. Na weye, mutu asipokula na weye, usimupe."

Akapanda mashua, sikumwona tena. Kazi ya Mansa alipewa mwingine.

Mbegu ziliota vizuri. Akina mama niliowafundisha walipokuja kuzitaka, niliinjika sufuria na kuwaambia wakae. Wengi walikaa, wakapiga soga, wakaondoka nazo. Msimu mmoja akaja mama kijana, mtoto mgongoni. Alikaa, akainuka, akatazama jua, akakaa tena. Mwishowe akaniaga, akashika njia ya Mofwe kwa mwendo wa haraka niliouzoea miguuni mwangu.

Nilijikaza nisimwite. Nikamwona anatokomea barabarani, nikaogopa kwamba chipushi halitafika Mofwe. Nikachota mbegu, nikamkimbilia, nikazitia mkononi mwake bila kula naye hata kipande.

Hakurudi kuniambia kama ziliota. Hadi leo nikipita njia ile nachungulia nyuma ya kila nyumba.