Stiki ya Oili Kwenye Mteremko wa Mpepai

Sisi tuliokua Mpepai miaka ile ya ruksa, wakati sabuni ziliporudi madukani na wanunuzi wa kahawa wa kila aina wakaanza kutupandia milimani na mizani zao, tulikuwa na shida ambayo watoto wa leo hawaijui: hatukuwa na mahali tambarare pa kuchezea. Mkicheza rede, mpira ukikukosa unateremka hadi bondeni, na aliyerusha ndiye anayeufuata. Akirudi anakuta mmeshabishana na kugombana. Tuliteleza juu ya magome ya migomba mpaka sketi za shule zikatoboka nyuma. Uwanja wa sawasawa ulikuwa mmoja tu, wa kanisa, na pale katekista hakutaka kelele.

Naanza na mteremko kwa sababu bila huo hamtaelewa habari ya lori la baba. Mimi mwenyewe sina hakika kama naielewa. Niliishia darasa la saba, na mambo ya injini niliyapata kwa kusikiliza mafundi wakiongea, kwa hiyo mnaojua zaidi mnivumilie.

Lori lilinunuliwa likiwa limeshazeeka. Limetembea kilometa ngapi hakuna aliyejua, maana saa yake ya kuhesabia ilikuwa imekufa. Stata nayo ilikufa. Dereva alikuwa mdogo wake baba, baba mdogo Otmari, mtu mpole aliyependa kuimba akiwa peke yake kwenye usukani. Akirudi kutoka Mbamba Bay, kule ziwani, na magunia ya usipa, wale samaki wadogo wa kukausha, analiegesha juu ya nyumba, pua ikitazama bondeni, mawe chini ya matairi. Asubuhi mawe yanaondolewa, lori linateremka lenyewe, likifika usawa wa jikoni linakohoa na kushika. Hapo ndipo moshi unapotoka. Kuku wanatawanyika, na bibi anatoka jikoni akipunga upawa.

"Otmari! Unataka kutukausha kama samaki?"

"Ni dawa ya mbu, mama!"

Baada ya muda kidogo moshi unakatika, lori linapanda kwenda Mbinga likiwa safi kabisa. Harufu inabaki kwenye nguo zetu mpaka shuleni. Niseme ukweli, mpaka leo nikiisikia harufu ile nakumbuka uji wa mahindi.

Fundi mmoja mpita njia alimwambia baba kwamba moshi mweusi ni dizeli nyingi, mweupe ni baridi, wa buluu ni injini inakula oili. Basi tukawa tunapangwa mstari asubuhi kutazama moshi. Mama akasema mweupe. Bibi akasema wa majivu. Mimi nikasema wa buluu, halafu ukungu ukapita nikasema sijui. Baba akachukua kitambaa cheupe cha kochi, kile mama alichodarizi maua, akakishika mbele ya ekzosi.

"Baba Oliva, hicho ni cha wageni!" mama akapiga kelele.

"Na huyu si mgeni? Tangu aje hatumwelewi."

Kitambaa kilirudi na madoadoa ya mafuta. Kwa hiyo ilikuwa oili. Lakini hapo ndipo tulipozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu baba alishalala Mbamba Bay na lori hilohilo, kule ufukweni linasukumwa na vijana mchangani, na asubuhi halikutoa moshi wa maana. Injini gani inayoumwa nyumbani na kupona ikifika ziwani? Bibi alikuwa na jibu lake, linahusu jirani mmoja. Sitaliandika, kwa sababu jirani yule hakutukosea kitu.

Kupima oili ilikuwa kazi yangu. Macho ya baba yalikuwa hafifu, na mimi nilikuwa darasa la tano, najivunia kusoma chochote chenye mstari. Kila Jumatatu, kabla mawe hayajaondolewa, nachomoa stiki, naifuta, nairudisha, naichomoa tena. Ilikuwa na alama mbili, ya chini na ya juu. "Haijafika hata ya chini, baba." Baba anamimina mpaka nimwambie imefika ya juu. Lori likienda na kurudi, napima tena: imeshuka. Wiki baada ya wiki ikawa hivyo.

Likizo moja nilipewa lifti kwenda ziwani. Asubuhi, pale Mbamba Bay, nilimwona baba mdogo akipima, akaguna, akaingia chini ya lori na spana. Akafungua oili ikatiririka kwenye galoni, si nyingi, kisha akaliacha galoni kwa mtu mmoja mwenye mashine ya kusaga. Sikuuliza. Nilikuwa nakula muhogo wa kuchoma na samaki, nimefurahi.

Tuliporudi, baba alimwita mdogo wake uani.

"Otmari, oili inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, kaka. Kule ziwani nikipima inapita alama ya juu. Mnajaza mno."

"Tunajaza mno! Mtoto amepima hapahapa, haikufika alama. Mtoto wa darasa la tano hawezi kuona mistari miwili?"

"Anaweza. Na mimi naweza."

"Basi mmoja wenu mwongo. Moshi ni wa dakika chache tu asubuhi, hauwezi kunywa oili yote ile." Akanigeukia. "Oliva, wewe ulikuwa naye. Uliona nini?"

Nikasema nilichokiona: spana, galoni, mtu wa mashine. Sikuongeza neno, na sikupunguza.

"Nilipunguza iliyozidi," baba mdogo akasema. "Ningeiacha ingeharibu injini. Mngeniamini?"

Baba mdogo akaweka ufunguo wa lori juu ya kinu, akasema, "Mtoto amesema kweli," akaondoka. Wiki hiyohiyo alihamia Chiwanda, kwa wakwe zake, kulima muhogo. Jina la mwizi wa oili lilimtangulia, maana wasafiri wa njia ile walikuwa walewale. Hakuna aliyempa usukani tena.

Akaja dereva mwingine. Oili ikaendelea kushuka vilevile.

"Na huyu naye mwizi?" mama akauliza, anapepeta maharage. Baba akatoka nje.

Kisha ikaja Jumapili moja, lori lilikuwa limebeba waumini kutoka Kigonsera jana yake, likaachwa kwenye ule uwanja wa sawasawa wa kanisa. Baada ya Misa baba akaniambia nipime palepale, injini imelala tangu jana. Nikachomoa stiki. Nikaifuta kwa sketi yangu ya kanisani, nikarudia.

"Baba, imepita alama ya juu. Vidole viwili."

"Soma vizuri."

"Nimesoma."

Akaileta stiki karibu na pua yake, akaigusa. Lori likapelekwa nyumbani, likaegeshwa mahali pake, pua bondeni. Tukangoja hadi jioni. Nikapima: haijafika hata ya chini. Hakuna aliyemimina, hakuna aliyechota. Nilianza kulia, nikidhani macho yangu yana ugonjwa.

Baba akamwita fundi Gaudensi wa Kigonsera. Mzee yule aliliamkia lori kabla ya watu, akalizunguka, akaomba chai. Mama akampa kikombe kimejaa nusu. Akakiinamisha.

"Mama Oliva, upande huu chai imepungua?"

"Haijapungua, umeinamisha."

"Na stiki yenu iko upande upi?"

Stiki ilikuwa upande wa nyuma wa injini, na oili yote ilikuwa imekimbilia puani. Tulikuwa tunapima lori lililoinama, tunaliona lina kiu, tunalinywesha kupita kiasi. Likifika barabarani linatapika iliyozidi na kuunguza nyingine kidogokidogo, moshi usionekane. Na moshi? Akasema sili za valvu, vile vipira vya kuzuia oili isiingie kwenye silinda, zimechakaa. Lori likilala limeinama, oili inajaa mbele, inachuruzika usiku kucha ndani ya silinda za mbele, asubuhi inaungua. Likilala sawasawa kama ziwani, haichuruziki kiasi hicho. Ingekuwa ringi za pistoni ndizo zimeisha, moshi ungewafuata mlima mzima. "Linakula kidogo, ni uzee," akasema. "Lakini hamna mwizi hapa. Mna mlima."

Baba hakucheka. Alikaa juu ya mawe ya matairi mpaka bibi akamwita kula.

Wiki iliyofuata alinichukua kwa lori hadi Chiwanda. Baba mdogo alikuwa shambani, mikono ina udongo, amekonda. Nikamwambia shikamoo, akaitikia kama zamani. Baba akatafuta maneno, nilimwona akiyatafuta. Mwisho akaenda kwenye lori, akachomoa stiki ya oili, akampa mdogo wake mkononi.

"Pima wewe."

Baba mdogo alilitazama lori lilivyosimama, akatazama ardhi. Akamwambia dereva alisogeze mbele kidogo, kwenye sawasawa, akangoja lipoe. Akapima. Baba hakumuuliza imefika wapi. Dereva yule akapanda nyuma, sisi tukarudi watu watatu kwenye kiti cha mbele, baba mdogo kwenye usukani, lakini hakuimba. Alianza kuimba tena baadaye sana, na si kila safari.

Sasa nina umri mkubwa kuliko wao wakati ule. Galoni lile bado linanisumbua: aliligawa au aliliuza? Kama aliliuza, si lilikuwa ziada? Kila nikitaka kumtetea namwonea baba, ambaye alisikiliza mtoto wake, na mtoto hakudanganya. Wote wameshatangulia, sina wa kumuuliza.

Kijana wangu ana gari ambalo oili ikipungua linamwashia taa, naye anaiamini taa hiyo kuliko mimi mama yake. Akinitembelea anaegesha popote, pua juu, pua chini, anaingia ndani na simu yake. Mimi nabaki nje kidogo. Nalitazama gari lilivyosimama, halafu natafuta jiwe, naliweka chini ya tairi.