Katolewa, Kosa Hajaambiwa

Jumatatu nilikuwa kwenye kibanda cha fundi simu pale Buzebazeba, nasubiri kubadilishiwa kioo, alipoingia mama mmoja muuza dagaa. Fundi huyo ndiye admini wa kundi la mtandaoni la wauza dagaa, ambamo hutangazwa bei, safari za boti na misiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mmenitoa kwenye kundi?"

"Ulivunja kanuni."

"Ipi?"

Fundi akainamia simu aliyokuwa anaifungua. "Viongozi tulikaa, tukaona hivyo. Ni mambo ya ndani, mama."

Mama hakupandisha sauti. Alivuta kitenge begani, akasema mwenzake aliyekuwa akianika naye dagaa Kibirizi kazikwa Jumamosi, na tangazo lilikuwa humo kundini. Yeye kapata habari Jumapili.

"Pole sana, mama," fundi akasema.

"Mtu akifa mnatutangazia aliugua nini. Mimi mzima mmenitoa, kosa langu hamlisemi?"

Fundi aliweka bisibisi chini, akachukua simu yake, akabonyeza. Simu ya mama ikalia mkononi: karudishwa.

Mimi kanuni nazitaka. Kundi bila kanuni hugeuka kilabu cha pombe. Lakini kanuni inayojulikana na anayeadhibu peke yake, hiyo ni hasira tu iliyopewa cheo.

Mama alisimama pale kidogo, akimtazama fundi usoni, anangoja. Fundi alikwisharudi kwenye bisibisi yake. Sababu ya kumrudisha nayo hakuambiwa.