Yai Katika Tenga la Nguo

Mwaka tuliohamia Chumbageni kutoka milimani Usambara, mama alijifungua mdogo wetu wa mwisho. Baba, aliyekuwa seremala, alikuwa amepata kazi mjini, na dada yake, yaani shangazi yetu, akaja kumsaidia mama kulea.

Asubuhi moja mama alitia mkono kwenye tenga la nguo za mtoto akatoa yai, bado lina joto. Sisi hatukufuga kuku. Alituuliza mmoja mmoja, na kila mmoja akakana. Basi akalishika kwa kitambaa, akalitupa chooni na kulimwagia majivu. Siku chache baadaye akakuta jingine.

Tangu hapo hatukukaa kwa raha. Mama alimshuku kwanza jirani yetu, bibi mmoja mjane wa Kiarabu, kwa kuwa alizoea kusimama kwenye ua wa makuti akichungulia kwetu. Kisha mtoto akashikwa na homa, na shaka ikamgeukia shangazi, maana ndiye aliyekuwa akizikunja zile nguo. Mama akawa hali tena chakula alichopika wifi yake, akisema ameshiba. Shangazi alielewa; nilimwona akifunga mzigo wake na kuufungua tena. Hata baba alishukiwa, kwa sababu alikuwa akicheka.

Mtoto alipelekwa hospitali, akapewa dawa ya malaria, akapona. Mayai hayakukoma.

Mchana mmoja bibi jirani alipiga hodi. Mama alimwamkia shikamoo bila kumtazama usoni. Bibi alikaa, akakataa chai, akasema amevumilia vya kutosha. Kuku wake kila asubuhi alikuwa akiruka ua kuja kwetu, anarudi akitetea, na kule kwake yai halionekani.

"Mwanangu," alisema, "mkila mayai yangu si neno, sisi majirani. Lakini mbona hamniambii?"

Mama alitazama dirisha la chumba cha nyuma, kisha tenga lililokuwa chini yake. Kwa sauti ndogo akaeleza mayai yalikokwenda. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Bibi hakucheka upesi. Alitaka kwanza aonyeshwe hicho choo.

Siku ya mwisho wa mwaka, tulipotoka kanisani, baba alimtaka kila mtu ataje analomshukuru Mungu. Bibi naye alikuwepo, ameleta sahani ya visheti. Mama alishukuru kwa mtoto kupona, na kwa jirani aliyekuja kuuliza badala ya kununa. Kisha akamgeukia shangazi.

"Wifi, nilikuwazia mabaya, na wewe ukabaki. Nisamehe."

Shangazi alisema yamekwisha, akamsogezea sahani. Mama akachukua kisheti kimoja, akala.

Baba akauliza kama yeye hayumo kwenye shukrani hizo.

"Wewe," mama alimjibu, "bado nakuchunguza."