Mguu Uliokaushwa Jikoni

Mguu wangu wa kushoto niliuona ukipikwa. Fundi wa viungo bandia aliniita karakanani, akanionyesha bamba jeupe la plastiki ndani ya tanuri. Kidogo kidogo weupe ukatoka, mpaka ungeweza kuona upande wa pili. "Limeiva," akasema, kama mtu anayezungumzia ndizi. Akalitoa kwa glavu nene, akalitandaza juu ya plasta yenye umbo la kigutu changu. Pampu ikanyonya hewa, plastiki ikabana palepale, na hiyo ndiyo ikawa soketi, sehemu ninapoingiza kigutu. Nikamtania kwamba sasa mimi na ndoo ni ndugu. Akacheka, kisha akanikazia macho, akaniita kwa heshima ya kwetu: "Waitu mama, huu mguu na moto visikutane."

Sasa mimi ni mtu wa kijijini Kimuli. Kitu kikilowa, tunakikausha jikoni. Masika haya nilirudi kutoka shamba la kahawa nimelowa chapachapa, nikauvua mguu, nikauegemeza karibu na mafiga, nikakaa kumenya ndizi. Nilipokuja kuugusa, mdomo wa soketi ulikuwa umepinda kwa ndani.

Niliogopa. Nilimwogopa fundi kwa sababu alinionya, na kurudi kwenye magongo nilikuogopa zaidi. Nikanyamaza, nikauvaa hivyo hivyo. Siku ya tatu nikaona damu kwenye soksi ya kigutu.

Mwenye kisukari akiona damu hapo haulizi ni nini. Mguu wenyewe ulikatwa kwa sababu ya kidonda nilichokificha hadi nyama ikafa, ikaacha kuuma, mimi ninayewaambia wenzangu kanisani kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nikakifunga kidonda hiki kipya kwa kitambaa, nikaendelea kupalilia. Kila asubuhi nilikifungua, na kila asubuhi kilikuwa kimepanuka. Chini ya goti madaktari waliniachia kipande kifupi tu. Wakikata tena, goti linakwenda.

Siku ya tisa nikapanda bodaboda hadi karakanani. Fundi aliuona ule mdomo uliopinda, wala hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko kugombezwa. "Soketi tutapika nyingine," akasema. Akaivuta soksi, akainama kukitazama kidonda.

"Tangu lini?"

"Jana," nikamjibu.

Akabonyeza kando ya kidonda kwa kidole gumba. "Panauma?"

Nilikuwa nakitazama kidole chake kikizama kwenye nyama yangu, wala sikusikia maumivu yoyote.

"Panauma sana," nikasema.