Mama Pua na Roshani Iliyovuja

Mama mkwe wangu ukimpa shati lililokunjwa, halifungui. Analisogeza puani, anavuta pumzi kidogo, halafu anakuambia: "Hili limeanuliwa kabla ya wakati wake." Na hakosei. Alifua nguo za watu maisha yake yote, kwanza majumbani, baadaye kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, na kwa kufua huko aliwasomesha wanawe wawili baada ya baba yao kufariki. Mikono imechoka, magoti yamechoka, lakini pua, jamani, pua ndiyo kwanza inazidi ukali. Mtaa mzima unamwita Mama Pua, naye hachukii. Mimi namwita Mama. Siku akiniudhi namwita Mama vilevile, ila kwa sauti nyingine.

Nilipoolewa, watu walitutabiria vita. Ni kweli tunagombana, kila siku ya Mungu, kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya pazia, kwa ajili ya namna ya kukunja shuka. Lakini huyo ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua, na ndiye ninayemsimulia mambo ya kazini kabla sijavua viatu. Akisafiri hata kidogo, nyumba inapwaya na mimi nakosa mtu wa kubishana naye. Nampenda, sioni haya kusema.

Chumba chake kiko chini, upande wa nyuma. Juu yake kuna roshani, sakafu ya zege iliyo wazi, yenye ukingo mfupi na reli ya chuma pande tatu. Roshani hiyo ni yake. Mume wangu alimsimamishia nguzo mbili za kamba, na asubuhi ukisikia mtu anaimba huko juu wimbo ambao maneno yake hayajui, ujue Mama anaanika.

Sasa shida ikawa mvua. Ikinyesha nje, kwake pia inanyesha, tena kwake inaendelea hata jua likishawaka. Lilianza doa kwenye dari. Doa likaota ukungu, halafu likaja tone, na tone likaita wenzake. Tukaweka beseni, tukaongeza sufuria kuukuu, tukaongeza ndoo, mpaka ukiingia chumbani unaruka-ruka kama mtoto anayeruka kamba. Mama mwenyewe alikuwa anacheka. "Wengine wana redio," anasema, huku matone yanagonga, ti, to, ti. "Mimi nina hii."

Kaka wa mume wangu hakucheka. Tunamwita Mkubwa, kwa sababu ndiye wa kwanza na kwa sababu hakuna anayethubutu kumwita kingine. Anakaa mji mwingine, ana nyumba yenye vyumba vingi, na watoto wake wote wameshajitegemea. Alikuja kumsalimia mama yake, akamkuta anakohoa chini ya ule ukungu, akaja juu.

"Huyu ni mama yetu, si samaki!" alimfokea mume wangu mbele yangu. "Nitarudi mwisho wa mwezi ujao. Nikikuta tone, tone moja tu, namchukua nakaa naye mimi."

Mume wangu akainamisha kichwa. Mama alikuwa anamwaga beseni dirishani. Mkubwa akisema jambo analifanya, na kwa kweli hakuwa na kosa, maana kile kikohozi hata mimi kilikuwa kinaninyima raha. Nilikuwa nanyang'anywa Mama hivihivi, kwa sababu ya maji!

Kwa ile haraka, mume wangu akamleta fundi wa kwanza aliyesema hakuna shida. Alivaa viatu vinavyong'aa na alikuwa na simu mbili. Hata kukanyaga roshani hakukanyaga. Alichungulia mlangoni, akasema, "Hii ni rangi tu, bosi," akadai apewe chake chote kabla ya kazi, na mume wangu, sijui alilogwa na nani, akatoa. Fundi akapaka rangi ya kijivu juu ya vumbi, juu ya nyufa, juu ya kila kilichokuwa sakafuni. Nilikuta jani limepakwa pamoja na sakafu. Nimelihifadhi mpaka leo, na mume wangu akianza kujifanya mjuzi namwonyesha.

Mvua ya kwanza ikatuonyesha kwamba tulipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Tukampigia. "Kesho, dada, asubuhi na mapema." Kesho yake ikawa kesho tena, kisha simu zote mbili zikazimwa, mwenyewe kaingia mitini. Ndani ya nyumba tukambatiza Fundi Kesho.

Hapo ndipo Mama alipovaa kanga yake ya kutokea. "Nyinyi mmeshindwa," alisema. "Fundi nitamtafuta mwenyewe. Na wewe, mwanangu, vaa viatu, unanisindikiza."

Akawa kiguu na njia, na mimi nyuma yake. Kila fundi Mama alimwomba jambo lilelile: nipeleke kwenye nyumba uliyoiziba zamani, iliyokwisha kunyeshewa. Akifika, anasalimia wenye nyumba kwa heshima zote, anauliza hali ya watoto, halafu anaomba aingie chumba kilicho chini ya ile kazi. Humo ananusa. Ananusa kona, ananusa nyuma ya kabati, anainama ananusa mvungu wa kitanda cha watu asiowajua. Mimi nimesimama mlangoni natamani ardhi inifunike.

Nyumba moja baba mwenye nyumba alitupokea kwa mbwembwe. "Hapa hapavuji kabisa, mama. Huyu ni fundi wangu, namwamini." Mama akaingia, akavuta pumzi mara moja tu.

"Mmepaka rangi majuzi," akasema. "Na kwenye hili kabati kuna koti limeoza."

Mke wa yule baba akaangua kicheko, akafungua kabati, akatoa koti la suti limeota ukungu mpaka kwenye kola. "Si nilikuambia?" akamwambia mumewe. "Si nilikuambia, wewe?" Tulipotoka nje, fundi alikuwa ameshawasha pikipiki.

Fundi tuliyempata mwishoni alikuwa mwanamke, mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, na kujisifu hakumwachii mtu. "Mimi nikiziba, mama, hata machozi hayapiti!" Mama alipopelekwa kwenye nyumba ya mfano akapiga magoti akanusa mvunguni, akakaa humo muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa kwamba magoti yamegoma. Akatoka. "Nasikia sabuni na mtoto mchanga," akasema. "Basi. Kesho uje, na si kesho ya yule mwingine."

Alikuja. Cha ajabu hakuangalia sakafu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye reli, akaitikisa.

"Nani anaanika hapa?"

"Mimi," Mama akasema.

"Na ukitandaza shuka unaegemea hapa?"

"Kila siku. Kuna ubaya gani?"

"Kuanzia leo huegemei, na hapa hupandi mpaka nimalize."

Weee! Mama akawaka. Yeye kaanika tangu huyu fundi hajazaliwa, yeye hafundishwi kuanika na mtu. Fundi akamwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha akashika mti wa ufagio, akausukuma nao mguu mmoja wa reli, taratibu. Mguu ukainamia nje, kutu ikapukutika, na kipande kikadondoka uani. Uani ni saruji tupu, na ndiko wanangu wanakochezea mpira. Nilimshika Mama mkono bila kujua, naye akanishika.

"Maji yalianzia kula chuma," fundi akasema. "Yangemalizia na mtu."

Ndipo akainama kwenye sakafu. Akatembea na mteremko, akagonga hapa na pale, akafika kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia. Akachokonoa chini yake kwa bisibisi, maji meusi yakachuruzika. Nguzo hiyo iko juu ya kitanda cha Mama hasa.

"Hapa ndipo mlango wenyewe. Nani alitoboa?"

Sote tukamwangalia mume wangu. Mume wangu akamwangalia mama yake. Mama akaangalia mawingu.

"Mimi nilisema aniwekee kamba," akasema hatimaye. "Sikumwambia atoboe nyumba."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe huko kote tulikozunguka kunusa vyumba vya watu, Mama Pua alikuwa amelala chini ya tundu lake mwenyewe! Naye akacheka, akanipiga na kanga mgongoni, na yule fundi naye akachangia kwa sauti yake ile, majirani wakachungulia madirishani.

Kazi ikaanza. Rangi ya Fundi Kesho ikabanduliwa, nguzo zikang'olewa, nyufa zikajazwa. Kisha fundi akatandika kipande cha nailoni sakafuni, akakibana pande zote kwa utepe wa gundi, akaenda zake. Asubuhi akakiinua: chini kumelowa.

"Bado inatoka jasho," akasema. "Tunasubiri."

Tusubiri nini? Siku ya Mkubwa ilikuwa inakaribia, na mawingu yanazungukazunguka. "Ziba, dada, tafadhali," nikamwambia. "Jua limewaka, pamekauka, ziba!" Niliropoka na mengine ambayo siyaandiki.

Mama ndiye aliyenitia breki. "Mwache. Ukikunja nguo mbichi, juu unaona kavu, ndani inaoza. Zege ni hivyohivyo." Fundi akamwangalia Mama kwa furaha, na toka siku hiyo wakawa mashoga, chai pamoja, umbea pamoja.

Nailoni ilipoamka kavu, fundi alileta mkanda mpana wa lami, akautandaza huku akiuyeyusha kwa moto wa gesi ili ushike sakafu, ukapanda kidogo na ukutani na kwenye ukingo, pembeni zote. Ndoo za mchanga na maji zilikaa karibu na mtungi wa gesi, na mtu asiye na kazi alifukuzwa, mume wangu akiwa wa kwanza. Reli mpya ikafungwa ubavuni mwa zege, kwa nje, sakafu isitobolewe. Kamba ya Mama ikahamia ukutani, kona hadi kona.

Siku ya mwisho fundi akaziba bomba la kutolea maji, akafungulia mpira, akajaza roshani maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Yalale humo mpaka kesho, akasema, tuone chini. Wanangu wakaleta boti za karatasi. Mimi naendelea kuwakataza, mara nasikia mlango wa gari. Mkubwa huyo, kaja siku moja kabla!

Alipanda, akaona bwawa, macho yakamtoka. "Shemeji, mmechanganyikiwa? Mama yuko wapi?"

"Yuko chini, shemeji. Kitandani kwake."

Alishuka ngazi kama anafukuzwa. Mama alikuwa amejilaza anatia vifungo kwenye shati la mwanangu, sakafu yote wazi, hakuna beseni wala ndoo. Mkubwa akavuta kiti, akakaa, akakaza macho kwenye dari. Mimi nilikuwa nimeleta chai. Nikaiweka mezani, na hapo ndipo nikaona, nyuma ya mlango, begi kubwa la safari. Limejaa. Limefungwa zipu.

Kumbe Mama ameshaamua. Amefunga mzigo, na mimi hakuniambia. Nilikwenda jikoni, nikachukua kitunguu, nikakata, nikachukua kingine, mume wangu akaja kuuliza kulikoni nikamwambia ni vitunguu.

Mkubwa alikaa pale alasiri nzima, shingo nyuma, akisubiri tone. Usingizi ukamchukua hapohapo, mdomo wazi.

"Funga mdomo, baba," nikamsikia Mama akimwambia. "Tone likidondoka utameza ushahidi."

Asubuhi maji yalikuwa bado yamesimama juu, na chini hakuna kitu. Mkubwa akapanda kiti, akapapasa dari kwa kiganja, akapapasa tena. Akashuka, akampa fundi mkono. Halafu akaliona begi.

"Pamekauka, sikatai," akasema polepole. "Lakini naona mwenyewe ulishafunga mzigo, mama."

"Nimefunga," Mama akasema. "Nibebee mpaka kwenye gari."

Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Mkubwa akalibeba, likawa linagongana-gongana ndani, kang'a, kang'a, mpaka akasimama katikati ya uani. Akafungua zipu. Mle ndani kulikuwa na lile beseni, ile sufuria kuukuu, ile ndoo, na makopo yote yaliyokinga maji mwaka ule.

"Nenda navyo, mwanangu," Mama akamwambia. "Kwangu havina kazi tena. Kwako sijui, maana sijanusa."

Mkubwa akacheka, kicheko ambacho sikujua kama anacho. Alicheka akiwa ameshika ndoo, na alipomaliza, sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Basi uje unuse, mama. Vyumba viko vitupu tu."

Mama akamfuta uso kwa ncha ya kanga. "Nitakuja, baba. Nitakaa hata mwezi." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kwa sababu alijua niliposimama, akanivuta karibu. "Nitakuja na huyu, na nitarudi na huyu."

Nikaanza kulia mbele yao wote, na mkononi sikuwa na kitunguu cha kusingizia.