Mahindi ya Njano Yaliyosingiziwa Upele

Sisi tuliolala watano kwenye mkeka mmoja, tukivutana blanketi moja, tunajua kujikuna ni nini. Nazungumzia Ntobeye, wilayani Ngara, miaka ile ya wakimbizi, nilipokuwa darasa la nne. Watoto wa siku hizi, kila mmoja na godoro lake, wakiwashwa kidogo husema ni "aleji" na kuendelea na simu.

Wakimbizi walipewa mgao wa mahindi ya njano, wakayabadilisha kwetu kwa ndizi. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai na utamu wa mbali, nasi watoto tuliupenda kuliko wa muhogo. Debe letu la kwanza lilikuja na binamu yangu Spesioza, binti wa shangazi aliyeolewa Burundi. Shangazi alikuwa mgonjwa kambini, akaomba mtoto akae kwetu. Spesi alituzidi wote kuruka kamba. Tulimlaza katikati ya mkeka, mahali penye joto.

Wiki ya tano, nyumba nzima ilikuwa inajikuna. Shuleni walituita wapiga gitaa: "Pigeni basi, tucheze!" Mama akatoa hukumu kwa r yetu ya Kihangaza: "Ni upere wa mahindi ya njano." Mahindi yote wakapewa kuku. Kujikuna kulipoendelea, akamgeukia aliyekuja nayo. "Jumamosi namrudisha kambini." Spesi hakulia. Alikunja magauni yake mawili akayaweka karibu na mlango.

Ijumaa ilikuwa siku ya kliniki ya mdogo wetu Deo, aliyekuwa bado ananyonya. Mimi na Spesi tulifuatana na mama. Niliponyoosha mkono kumsalimu nesi, hakuuachia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hebu fungua vidole, mpiga gitaa."

Katikati ya vidole kulikuwa na vipele vidogo. Akaangalia vifundo vya mikono, kiuno, kitovu: vilevile. Kwenye kifundo akanionyesha kimstari kifupi, chembamba, kama alama ya penseli. "Hapa mdudu amechimba njia chini ya ngozi. Mnawashwa zaidi saa ngapi?"

"Usiku."

"Na nyumbani wanaowashwa ni wangapi?"

"Wote."

"Ni mahindi ya njano," mama akadakia.

Nesi akageuza nyayo za Deo. Nako vipele vilikuwepo. "Mama Deo, na huyu anatafuna mahindi?"

Deo hakuwa na jino hata moja. Mama alicheka, kisha akamwelekezea Spesi kidevu. "Basi ni huyu mgeni."

"Alifika lini?"

"Wiki tano sasa."

"Na Deo alianza lini kujikuna?"

Mama alifikiri. "Wiki hiyohiyo aliyofika. Nilidhani ni joto."

"Mtu akiambukizwa mara ya kwanza, huchukua kama mwezi ndipo aanze kuwashwa. Kwa hiyo mlikuwa nao kabla mgeni hajafika. Wewe mtoto, umeanza lini?"

"Juzi," Spesi akajibu.

"Ameupata kwenye mkeka wenu."

Jumamosi hakuna aliyekwenda kambini. Nguo zilichemshwa, blanketi likaanikwa juani, na wote tukapakwa siku moja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, dawa aliyotupa nesi, nyeupe kama maziwa na iliyochoma kama pilipili. Ya Deo nesi alikuwa ameizimua kwa maji. Baba alisema yeye hawashwi, huku akisugua mgongo kwenye mwimo wa mlango. Mama alianza na Spesi, kidole kwa kidole, bila haraka. "Tulia, mwanangu," alimwambia. Hakuwa amemwita hivyo kabla.

Spesi alikaa nasi mpaka shangazi alipopona. Leo maduka ya dawa yako karibu, lakini mtu huona aibu, hujipaka peke yake kwa siri, na upele humrudia kutoka kwa wenzake wa nyumbani. Sitamani tena ule mkeka. Natamani ile Jumamosi, tulipong'aa weupe uani, tukichekana, bila hata mmoja wetu kuulizwa ni nani aliyeuleta.